SOMO LA MAKATIBU NA WANACHAMA: DAFTARI LA MIKOPO NA HAKI YA MKOPAJI



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo ndilo msingi wa ushirika wetu, na hapana katibu asiyelijua. Lakini siku hizi liko daftari jingine, lisilowekwa katika kabati la chama wala kusomwa katika mkutano mkuu, ambamo mwenendo wa kila mkopaji huandikwa. Mwanachama aweza kuwa na jina jema kijijini na kazini, na bado akanyimwa mkopo kwa sababu ya mstari mmoja uliomo katika daftari hilo. Aidha, mara nyingi mstari huo huwa umetoka katika ofisi ya chama chake mwenyewe.

Somo hili lina shabaha tatu. Kwanza, kueleza daftari hilo ni nini na lilianzaje. Pili, kuonyesha haki alizo nazo mtu ambaye jina lake limeandikwa humo. Tatu, kuwatahadharisha wanachama juu ya watu wanaodai kwamba waweza kulisafisha jina la mdaiwa kwa malipo. Tunawaomba makatibu walisome somo hili mbele ya wanachama na kuwapa nafasi ya kuuliza.

1. Asili ya daftari hili

Desturi ya kuulizana habari za mkopaji ni ya kale. Mwenye duka aliyetaka kukopesha alimwuliza mwenziwe: "Mtu huyu hulipa?" Kilichobadilika ni kwamba swali hilo limekuwa biashara kubwa. Nchini Marekani, mwaka 1899, ndugu wawili, Cator Woolford na Guy Woolford, walifungua kampuni katika mji wa Atlanta iliyoitwa Retail Credit Company. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za watu na kuwauzia wafanyabiashara waliotaka kujua ni nani wa kuaminiwa.

Kufikia miaka ya 1960 kampuni hiyo ilikuwa na majalada ya mamilioni ya watu. Humo hamkuwa na madeni peke yake. Wapelelezi wake waliwahoji majirani juu ya ulevi, ndoa na tabia za watu, na uvumi huo ukaandikwa kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa. Mtu aliyenyimwa mkopo, kazi au bima hakuelezwa sababu, wala hakuwa na njia ya kuona yaliyoandikwa juu yake.

Malalamiko yalipozidi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1970 ya kulinda haki katika taarifa za mikopo, nayo ikaanza kutumika mwaka 1971. Sheria hiyo iliweka kanuni tatu ambazo nchi nyingi zimezifuata baadaye. Ya kwanza ni kwamba mhusika ana haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake. Ya pili ni kwamba ana haki ya kuyakanusha, na ofisi iliyoyaandika haina budi kuchunguza. Ya tatu ni kwamba habari mbaya haikai daftarini milele. Nchini humo nyingi huondolewa baada ya miaka 7. Mwaka 1975 ile kampuni ya Atlanta ilibadili jina ikaitwa Equifax.

Jina hilo lilisikika tena duniani mwaka 2017, wezi wa mitambo ya kompyuta walipoingia katika kumbukumbu zake na kuchukua habari za watu wapatao milioni 147. Basi tufahamu kwamba anayeweka habari za watu ameweka amana. Ikipotea, hasara haimwangukii yeye peke yake, bali wenye habari pia.

2. Daftari la hapa Kenya

Katika miaka ya 1990 benki kadhaa nchini zilielemewa na mikopo isiyolipwa. Wako wakopaji waliochukua fedha katika benki moja, wakaacha kulipa, kisha wakaingia benki ya pili na ya tatu, kwa kuwa benki hizo hazikuambizana habari. Ili kuziba mwanya huo, serikali ilitunga kanuni za mwaka 2008 za ofisi za kumbukumbu za mikopo, ambazo watu wengi huziita kwa kifupi CRB. Kanuni hizo zilianza kutumika mwezi wa Februari 2009, na leseni ya kwanza ilitolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010.

Hapo mwanzo zilizopelekwa ni habari mbaya tu, yaani za mikopo iliyokwama. Kanuni za mwaka 2013 ziliagiza kwamba habari njema nazo zipelekwe, ili mtu anayelipa vizuri aonekane na apate faida ya uaminifu wake. Hili ni jambo kubwa ambalo wanachama wengi hawalijui. Kila mwenye mkopo yumo katika daftari hilo. Kinachotofautiana ni yale yaliyoandikwa mbele ya jina lake. Kwa hiyo msemo wa mitaani kwamba fulani "ameingizwa CRB" hautoshi. Swali la haki ni hili: ameandikwa nini humo, nacho ni kweli?

Mikopo ya simu ilipoanza kuenea tangu mwaka 2012, watu wengi waliandikwa kuwa wadaiwa sugu kwa fedha ndogo mno, pengine hata pasipo wao kujua. Ndiyo sababu kanuni za mwaka 2020 ziliagiza kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe kuwa habari mbaya, na kwamba mtu anayeomba cheti cha CRB kwa mara ya kwanza apewe bure. Kanuni hizo pia zilivifungulia mlango vyama vya akiba na mikopo vilivyo chini ya usimamizi wa SASRA. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, Benki Kuu iliwaondolea ruhusa ya kupeleka majina wakopeshaji wa simu waliokuwa hawasimamiwi na yeyote.

Tangu hapo, ndugu zangu, chama cha ushirika si msomaji tu wa daftari hilo, bali ni mwandishi wake pia. Kalamu iliyo mkononi mwa katibu yaweza kumfungulia mwanachama mlango, au kuufunga.

3. Haki za mkopaji

Mwanachama hana budi kuzifahamu haki zifuatazo:

(a) Haki ya kuarifiwa. Mkopeshaji anapokusudia kupeleka habari mbaya, lazima amwarifu mkopaji siku 30 kabla ya kufanya hivyo. Siku hizo ni nafasi ya kulipa, ya kuomba mpango mpya wa malipo, au ya kueleza kwamba deni si lake.

(b) Haki ya kuiona ripoti yake. Mkopaji ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Kadhalika, akinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti, anastahili kuambiwa hivyo, kutajiwa ofisi iliyotoa ripoti, na kupewa nakala yake.

(c) Haki ya kukanusha. Akiona kosa, aweza kulipinga kwa maandishi. Ofisi ya kumbukumbu haina budi kumwuliza aliyeleta habari hiyo, na ikithibitika ni kosa lazima isahihishwe. Huduma hiyo haihitaji wakala.

(d) Haki ya kusahihishiwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo humpa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha juu yake zirekebishwe, na ya kumpelekea malalamiko Kamishna wa Ulinzi wa Data.

(e) Haki ya heshima. Kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa simu zilikataza kumtisha au kumtukana mdaiwa, na kuwapigia simu jamaa na rafiki waliomo katika simu yake ili kumwaibisha. Kudaiwa si hatia ya jinai, na mdaiwa hapotezi utu wake.

Hata hivyo, haki hizi hazifuti deni la kweli. Deni likilipwa kwa kuchelewa, habari ya kwamba lilichelewa huendelea kubaki kwa muda wa miaka 5 tangu lilipolipwa, ila sasa huonyeshwa kuwa limekwisha. Aidha, ofisi ya kumbukumbu haimnyimi mtu mkopo. Kazi yake ni kutoa ripoti. Uamuzi ni wa mkopeshaji, wala hapana sheria inayomkataza kumsikiliza mwombaji na kuangalia hali yake ya sasa.

4. Mfano wa kujifunza

Tuchukue mfano huu wa kubuni, ambao unafanana na mambo yanayotokea katika vyama vyetu. Mwalimu mmoja alichukua mkopo katika chama chake, na kila mwezi mwajiri wake humkata shilingi 5,500 katika mshahara. Kuanzia Februari hadi Mei mwajiri alikata fedha kama kawaida, lakini hakuzipeleka chamani. Katika vitabu vya chama mwalimu akaonekana ana malimbikizo ya shilingi 22,000. Karani wa mikopo akatayarisha orodha ya wadaiwa, naye katibu akaitia sahihi bila kuikagua. Barua ya siku 30 ilitumwa kwa anwani ya shule aliyokwisha hama. Jina likapelekwa.

Mwezi wa Agosti mwalimu huyo aliomba mkopo benki ili mwanawe aingie chuo. Akakataliwa. Jamaa mmoja akamwelekeza kwa mtu anayesema "ana watu ndani ya CRB", naye akadai shilingi 8,000 ili alifute jina kwa siku tatu.

Je, mwalimu afanye nini? Asitoe hizo 8,000. Kwanza, aombe nakala ya ripoti, aone ni nani aliyemwandika, kwa kiasi gani na tangu lini. Pili, akusanye hati zake za mshahara za miezi hiyo minne, maana ndizo ushahidi kwamba fedha zilikatwa. Tatu, aandike barua kwa chama, na nakala kwa ofisi ya kumbukumbu, akiambatisha hati hizo. Nne, ahakikishe barua zake zimepigwa mhuri wa kupokelewa, na nakala akae nazo. Tano, habari ikisahihishwa, aombe ripoti mpya na kuipeleka benki.

Na chama kifanye nini? Kikiri kosa mara moja na kupeleka sahihisho, kisha kimdai aliyestahili kudaiwa, yaani mwajiri. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 kiliagiza mwajiri azipeleke chamani fedha alizokata, na akichelewa azilipe pamoja na riba. Fedha zilizokwisha toka katika mshahara wa mwanachama si deni la mwanachama tena kwa maana ya uaminifu wake. Kumwandika mtu huyo kuwa mdaiwa sugu ni kumwadhibu aliyeibiwa na kumwacha aliyechukua.

5. Wanaojiita wasafishaji wa majina

Palipo na dhiki hapakosi mwenye kuuza matumaini. Watu hawa hupatikana mitaani, katika ujumbe wa simu na katika matangazo. Ahadi zao hufanana: jina litafutwa upesi, hakuna haja ya kulipa deni, malipo ya huduma yatangulie. Ubaya wao hauko katika bei tu. Mteja huwapa nambari ya kitambulisho, na mara nyingine hata nambari ya siri ya simu, na kwa hizo waweza kuchukua mikopo mipya kwa jina lake.

Ukweli ni rahisi kuukumbuka. Habari ikiwa ya uongo, mwenyewe aweza kuipinga bure. Habari ikiwa ya kweli, hapana mtu wa nje awezaye kuifuta kihalali. Hapo katikati hapana kazi iliyobaki kwa msafishaji, isipokuwa kukuandikia barua ambayo katibu wako angekusaidia kuiandika.

Wenzetu wa Marekani walipambana na biashara hii zamani. Mwaka 1996 walitunga sheria maalumu juu ya kampuni za kusafisha majina. Iliagiza kwamba kampuni isipokee malipo kabla ya kumaliza kazi iliyoahidi. Kwamba mkataba uwe wa maandishi. Kwamba mteja aelezwe haki zake kabla ya kutia sahihi. Na kwamba aweze kuuvunja mkataba ndani ya siku 3 za kazi bila kutozwa kitu. Sheria hiyo ilikataza pia kumshawishi mteja ajitambulishe kwa nambari nyingine ili afiche historia yake, jambo ambalo humwingiza mteja mwenyewe katika udanganyifu. Masharti haya ni kipimo kizuri hata kwetu. Mtu akikudai malipo kwanza, akikataa kuandika mkataba, au akikushauri ubadili kitambulisho, umekwisha kumjua.

Usafishaji wa halali upo, nao hufanywa na mkopeshaji mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha hali ya wadaiwa wa mikopo ya simu ya muda wa siku 30 au chini yake. Taasisi zilizohusika zilitakiwa kupunguza angalau asilimia 50 ya madeni yaliyokuwa yamekwama kufikia mwisho wa Oktoba mwaka huo, na mkopaji akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza sehemu iliyobaki. Mpango huo ulitangazwa hadharani, ukapitia kwa wakopeshaji wenyewe, wala haukumhitaji dalali.

6. Wajibu wa Katibu na Kamati

Yafaa kila chama kiweke taratibu hizi:

(i) Orodha yoyote ya majina ikaguliwe na watu wawili kabla ya kupelekwa. Nambari ya kitambulisho isomwe tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, deni la mtu mmoja humwangukia mwingine asiyehusika.

(ii) Mwanachama anayekatwa mshahara asipelekwe kabla ya kuthibitisha kwa mwajiri kama fedha zilikatwa.

(iii) Ilani ya siku 30 ipelekwe kwa anwani na simu za sasa, na ushahidi wa kuipeleka uwekwe katika jalada. Wadhamini nao waarifiwe mapema, maana akiba yao imo hatarini.

(iv) Deni likiisha, habari hiyo ipelekwe bila kuchelewa. Chama chenye haraka ya kuandika lawama lakini kizito kuandika malipo hakitendi haki.

(v) Pawe na daftari la malalamiko, linaloonyesha tarehe ya kupokelewa, hatua iliyochukuliwa na jibu lililotolewa. Kamati ilipitie kila mwezi.

(vi) Ripoti za wanachama zisomwe na wale tu wanaohusika na uamuzi wa mkopo. Habari za mwanachama si mazungumzo ya kantini.

7. Wajibu wa mwanachama

Mwanachama naye asikae akingoja kukataliwa ndipo aulize. Aombe ripoti yake mara moja kila mwaka. Akihama au kubadili simu, akijulishe chama. Atunze hati za mshahara na stakabadhi hata baada ya deni kuisha. Akiona hataweza kulipa, aje mapema kuomba muda. Kamati huweza kumsaidia aliyesema kuliko aliyejificha. Na asisahau kwamba dawa ya deni ni kulipa. Aliyechelewa zamani, akilipa na kuendelea kulipa vizuri, mwenendo wake mpya nao huandikwa.

8. Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chetu, ni nani hukagua orodha ya majina kabla ya kupelekwa CRB, naye hukagua kwa kutumia nini?

2. Je, wako waajiri wanaokata fedha za wanachama na kuchelewa kuzileta? Chama kimechukua hatua gani?

3. Mwanachama akileta malalamiko leo, atajibiwa baada ya siku ngapi?

4. Ni wanachama wangapi kati yetu waliokwisha kuziona ripoti zao wenyewe?

Makatibu wanaombwa wayaandike majibu ya maswali haya katika kumbukumbu za mkutano, hasa la kwanza na la tatu, kisha kamati iweke tarehe ya kurekebisha kila lililoonekana kuwa na upungufu. Daftari la mikopo litaendelea kuwapo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba lililoandikwa humo na chama chetu ni kweli, limeandikwa kwa haki, na mwenye jina amelijua kabla ya wengine kulisoma.